Sura ya 6: Rangi ya Fedha Chini ya Jua la Nanighi

Rangi ya fedha haifichi kitu. Ndege ya kivita iliyopakwa mabaka ya kijani na kahawia husitiri mengi: mshono wa gundi uliosuguliwa kwa haraka, fila iliyobonyea, hata alama ya kidole iliyosahaulika kwenye bawa. Ndege ya fedha hukitangaza kila kimoja. Na vipimo huzidisha ugumu. Katika modeli ya kipimo cha 1 kwa 72, mkwaruzo wenye upana wa milimita 0.1, ambao kwenye kitu kingine usingeutazama mara mbili, ni sawa na mfereji wa milimita 7 na zaidi kwenye ndege halisi. Hakuna fundi wa kikosi cha anga ambaye angeiachia ndege iruke na mfereji wa namna hiyo.

Ndiyo maana waundaji wengi wa ndege za plastiki huikwepa fedha kwa miaka. Hununua rangi ya kopo, huipaka, huona kijivu chenye chengachenga, kisha hurudi kwenye mabaka wakiamini kwamba kazi hii ni ya wenye vifaa vya bei kubwa. Sidhani hivyo. Ninaamini kwamba fedha hujifunzwa kwanza kwa macho, na kwamba sehemu kubwa ya kazi yake huisha kabla kopo halijafunguliwa. Na ninaamini kwamba Nanighi ni mahali pazuri mno pa kujifunzia.

Nanighi iko ukingoni mwa Mto Tana, upande wa juu wa Bura, katika nchi ya mikoma, mathenge na vumbi. Mkenya asiyetoka huku, kama amewahi kulisikia jina hili, huenda alilisikia kwa sababu ya pampu: maji ya skimu ya umwagiliaji ya Bura, iliyopokea wakulima wake wa kwanza mwaka 1981, yalivutwa hapa kutoka mtoni na kupelekwa mashambani kwa mfereji. Duka la modeli hakuna. Lakini metali iko kila mahali, na iko wazi juani, mchana kutwa: mabati ya paa, mabomba, bodi za malori ya barabara ya Garissa, masufuria yaliyoanikwa kwenye vichanja baada ya kuoshwa.

Chukua sufuria ya alumini iliyopikiwa mwaka mzima uitazame kwa makini. Ukingo wake wa juu, unaoguswa kila siku na mwiko na kifuniko, unang'aa. Ubavu wa nje umesuguliwa kwa mchanga na majivu hadi ukajaa mikwaruzo midogo ya mviringo. Ni mweupe, lakini haung'ai. Ndani, pale kunde zilipochemshwa na magadi, alumini imepiga weusi wa kijivu. Metali ni moja, na tayari una fedha za aina tatu. Ndege ya kivita isiyopakwa rangi iko hivyo hivyo. Mabamba yake hayakutoka kiwandani siku moja, wala hayakukunjwa upande mmoja, na mengine yako karibu na moto wa injini. Anayeipaka yote kwa kopo moja ameunda kitu ambacho hakijawahi kuruka.

Kisha kuna mwanga wenyewe. Hapa tuko karibu kabisa na ikweta. Saa sita mchana jua likiwa utosini, bati hupoteza umbo lake, likabaki mng'aro mtupu unaochoma macho. Ifikapo saa kumi na mbili jioni bati lile lile lina rangi ya chungwa upande wa magharibi na samawati iliyofifia upande wa pili. Metali tupu haina rangi ya kwake. Huazima ya mahali ilipo. Ndege ya fedha ikiegeshwa kwenye uwanja wa vumbi, tumbo lake hupata wekundu wa udongo na mgongo wake hupata rangi ya anga, bila mtu kugusa brashi. Kwa hiyo kazi ya mwundaji ni kuutengeneza uso laini kiasi kwamba dunia inaweza kujionyesha juu yake. Wanaochora vivuli vya bluu na kijivu juu ya fedha wanaifanya kazi ambayo jua lingewafanyia bure.

Ndege za fedha na mto huu zina historia, ingawa ni historia ya kuifuta fedha. Italia ilipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940, Somalia yote ya kusini ilikuwa mikononi mwake, na ukanda wa Tana, kuanzia Garissa kushuka Bura, ukawa mstari wa mbele. Siku 3 baadaye ndege za Caproni Ca.133 zilishambulia Wajir, ambako kulikuwa na ndege za Hawker Hardy za kikosi cha Rhodesia. Afrika Kusini ilileta Hartbees, ambazo pia ni za ukoo wa Hawker Hart, na baadaye Hurricane. Katika Februari 1941 majeshi ya Jenerali Alan Cunningham wa Uingereza yalivuka nchi hii kavu na kuingia Kismayu tarehe 14.

Ukoo huo wa Hawker ulizaliwa ukiwa wa fedha. Katika miaka ya 1930 ndege hizo za mabawa mawili zilikuwa na kifuniko cha injini cha metali iliyosuguliwa hadi ikang'aa, na nyuma yake mwili na mabawa ya kitambaa kilichopakwa dopu (laka ya kukaza kitambaa) yenye unga wa alumini. Unga huo haukuwekwa kwa urembo. Jua huozesha kitambaa, na chembe za alumini huuzuia mwanga usikipenye. Vita vilipokuja, fedha ikafunikwa kwa mabaka, kwa kuwa ndege inayomulika juu ya nyika huonekana kutoka mbali, iwe inaruka au imeegeshwa.

Somo la ukoo wa Hawker ni muhimu kuliko jina la rangi yoyote: fedha unayoiona kwenye picha ya zamani inaweza kuwa vitu vitatu tofauti. Inaweza kuwa metali tupu. Inaweza kuwa metali iliyopakwa laka angavu juu yake. Au inaweza kuwa rangi ya alumini juu ya kitambaa, au hata juu ya metali, ambayo ni tulivu, ya kijivu-nyeupe, isiyoonyesha tofauti ya bamba na bamba. P-51 Mustang ya Wamarekani ilikuwa na mchanganyiko: mwili wake ulikuwa metali tupu, lakini mabawa yalijazwa puti kwenye mishono, yakalainishwa na kupakwa rangi ya alumini, ili hewa ipite bila kikwazo. Mwundaji anayeyapa mabawa ya Mustang mabamba yenye mng'aro tofauti tofauti amefanya kazi nyingi ya kukosea.

Fedha ilirudi angani kwa wingi mwaka 1944, Wamarekani walipoacha kuzipaka mabaka ndege zao nyingi. Waliokoa uzito na muda wa kiwandani, na adui hakuwa tena na nguvu ya kuzitafuta viwanjani. Miaka 3 baadaye, tarehe 1 Oktoba 1947, iliruka kwa mara ya kwanza ndege ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyovaa metali tupu vizuri kuliko zote: F-86 Sabre ya kampuni ya North American, yenye mabawa yaliyolazwa nyuma kwa nyuzi 35 na mdomo wazi wa kuvuta hewa puani.

Sabre ni ya kwetu pia. Ethiopia ya Mfalme Haile Selassie ilizipokea F-86F mwaka 1960 na kuziweka Debre Zeit, kusini-mashariki mwa Addis Ababa. Mwaka uliofuata 4 kati yake zilikwenda Kongo chini ya Umoja wa Mataifa, wakati wa vita vya Katanga. Ni ndege ya fedha yenye duara la kijani, njano na nyekundu, ya nchi jirani, katika tukio lililogusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Ukitafuta modeli ya kuanzia, anza na hii. Viwanda kadhaa, Airfix na Hasegawa vikiwemo, vimeitoa kwenye seti za plastiki, na kwa kipimo cha 1 kwa 72 urefu wake ni sentimita 16 tu; inaenea kwenye kiganja.

Kabla ya kushika kisu, kuna jambo la kusema. Huku kwetu ndege ya kivita si pambo kwa kila mtu. Katikati ya Hargeisa kuna MiG-17 ya Jeshi la Anga la Somalia iliyosimamishwa juu ya jukwaa kama kumbukumbu ya mwaka 1988, ndege za serikali zilipoupiga mabomu mji ambao watu wake walikuwa raia wa serikali hiyo hiyo. Kuna familia za Garissa na Tana zenye jamaa waliozikimbia ndege hizo. Ninaunda ndege za kivita, na ninazipenda kwa umbo lake na kwa ustadi wa waliozitengeneza, lakini simwekei mgeni mezani ndege ambayo sijui ilifanya nini. Historia yake ni sehemu ya kazi, sawa na msasa.

Sasa mezani. Sabre husimama kwa magurudumu matatu, na modeli yake itakaa mkia chini usipoiwekea uzito mbele. Wavuvi wa mto wanazo chubwi za risasi. Moja au mbili zikigongwa kwa nyundo hadi ziwe bapa hukaa vizuri juu ya njia ya hewa, chini ya kiti cha rubani. Zigandishe kwa gundi ya nguvu. Chubwi ikilegea baada ya ndege kufungwa, huwezi kuifikia tena.

Gundi ya plastiki huyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Bana nusu mbili za mwili hadi plastiki laini itokeze kidogo kwenye mshono kama uzi mwembamba, kisha uiache. Iache siku kadhaa, hata kama imekauka kwa kugusa. Mshono uliosuguliwa mapema huonekana safi leo, kisha plastiki huendelea kunywea na wiki mbili baadaye kuna bonde jembamba chini ya fedha yako. Hapo hakuna dawa isipokuwa kuanza upya.

Msasa huenda kwa hatua: 400, 800, 1500, 2000, daima ukiwa na maji. Hatua zinazorukwa ndizo zinazoharibu kazi, kwa kuwa msasa wa 2000 hauwezi kufuta mikwaruzo ya 400; huing'arisha tu. Mafundi wa bodi za magari wanalijua hili kuliko waandishi wa vitabu vya modeli. Tazama anayenyoosha mlango wa gari: huumwagia maji, huinama, na kuuangalia kwa pembe dhidi ya mwanga. Maji huupa uso usiopakwa rangi mng'aro wa muda, na kila bonde hujitokeza. Fanya hivyo hivyo kwa mwili wa Sabre. Ulowanishe, uelekeze dirishani, uuzungushe polepole. Mstari wa mwanga ukikatika au kupinda mahali, hapo bado.

Baada ya hapo hupakwa nyeusi ya glosi. Wanaoanza hushangaa: mbona nyeusi chini ya fedha? Rangi za kisasa za metali, kama Alclad II, zina chembe laini mno za metali ndani ya kimiminika kinachogeuka mvuke haraka. Chembe hizo hulala bapa juu ya uso na kulifuata umbo lake. Zikilalia uso wa glosi, zinarudisha mwanga kwa mpangilio. Zikilalia uso wenye chengachenga, kila moja inaelekea upande wake, na unapata kijivu. Weusi wa chini nao humeza mwanga unaopenya katikati ya chembe, hivyo metali ikaonekana nzito. Rangi ya fedha ya kawaida ya dukani hushindwa kwa sababu chembe zake ni kubwa. Kwenye geti la nyumba hazionekani, lakini kwenye ndege ya sentimita 16 kila chembe ni kama ukucha. Glosi nyeusi pia huilinda plastiki, maana thina ya rangi hizi za metali hula polistirini na kuacha nyufa ndogo ndogo.

Glosi ikauke siku nzima, ikiwezekana mbili. Hapo ndipo fedha huja, kwa kipulizia chembamba, presha ya pauni 12 hadi 15 kwa inchi ya mraba, pua ya kipulizia ikiwa sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye plastiki. Pita mara nyingi kwa utando mwembamba sana. Mpito wa kwanza unafanana na moshi. Wa pili na wa tatu huileta metali. Simama hapo. Kila unachoongeza baada ya weusi kupotea kinaanza kuifunika glosi, na mng'aro unashuka.

Nanighi ina shida zake mbili katika hatua hii, nazo ni joto na vumbi. Mchana wa nyuzi 35 au zaidi, rangi hukauka hewani kabla ya kufika kwenye plastiki. Inatua ikiwa unga, na ukipitisha kidole unahisi kama msasa. Dawa ni saa. Pulizia alfajiri, kabla ya upepo kuamka na kabla ya malori, hewa ikiwa bado na ubaridi wa mto. Ikibidi mchana, ongeza thina inayokauka polepole. Kwa vumbi, mwagia sakafu maji, funga dirisha, subiri vumbi litue ndipo ufungue kopo, na kila ukipulizia kipande kifunike mara moja kwa beseni. Na usiiache modeli ndani ya gari lililofungwa juani. Polistirini huanza kulegea kabla ya joto la maji kuchemka, na mabawa membamba hupinda hata kabla ya hapo kwa uzito wake yenyewe.

Sasa tofauti za mabamba. Mwili wote wa Sabre ukishapata alumini ya msingi, zungushia tepu bamba moja moja na ulipulizie fedha iliyotiwa tone la nyeusi au la nyeupe. Tofauti iwe ndogo kiasi cha kuonekana tu ndege ikigeuzwa. Ubora wa Sabre uko kwenye sehemu chache. Pale midomo ya bunduki zake 6 inapotokea, 3 kila upande wa rubani, bamba ni la chuma kisichoshika kutu, jeusi zaidi na lenye joto la rangi tofauti na alumini. Mdomo wa juu wa pua hauna metali juu yake. Ni kifuniko cha rada ndogo ya kupimia umbali, na hupakwa rangi isiyong'aa. Mkiani, kuzunguka bomba la moto, metali imeungua: anza na fedha nzito, kisha ongeza ukungu mwembamba wa kahawia, na kwa mbali sana samawati. Nenda ukatazame bomba la moshi la pikipiki karibu na injini. Rangi zote za joto ziko pale kwa mpangilio wake, na mpangilio huo haubadiliki.

Asiye na kipulizia hajafungiwa mlango, na hapa ndipo ninaposhikilia maoni ambayo wengine hawayakubali: foili ya jikoni, ikiwekwa kwa subira, hushinda rangi yoyote. Ni alumini halisi. Unene wake ni takriban milimita 0.016, zidisha kwa 72 unapata zaidi kidogo ya milimita 1, unene ambao si mbali na wa bamba la ndege yenyewe. Paka utando mwembamba wa vanishi ya samani upande wa nyuma, usubiri hadi inate bila kulowesha kidole, kisha ulaze kipande kikubwa kidogo kuliko bamba unalolifunika. Kisugue kwa kijiti laini kutoka katikati kwenda nje. Mistari na misumari ya ribiti iliyochongwa kwenye plastiki hujitokeza yenyewe chini ya kijiti. Kata ziada kwa wembe mpya kufuata mstari.

Foili ina nyuzi zake zilizoachwa na mashine iliyoibamiza. Ukilaza kipande kimoja nyuzi zikienda mbele na jirani yake nyuzi zikienda juu, hutahitaji rangi ya pili: ukiigeuza ndege, bamba moja linang'aa huku jingine likizima, kisha hubadilishana. Ina pia upande mkali na upande tulivu, nao ni fedha mbili bila gharama ya ziada. Ya tatu iko jikoni. Chemsha vipande vya foili kwenye maji yenye chembe ndogo ya magadi, ukivitazama, na vitapiga kijivu kile kile cha ndani ya sufuria. Magadi yakizidi yatakula foili hadi itoboke, kwa hiyo anza na kidogo sana na utoe kipande kimoja kimoja. Kijivu hicho ndicho ninachokitumia kwenye mkia wa Sabre na kuzunguka bunduki.

Watoto wa Kenya waliokata ndege na malori kutoka kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, wakageuza upande wa ndani wa mkebe uwe nje, walishaijua kanuni hii. Walitumia metali kuonyesha metali. Ningependa kuona klabu ya shule ya ukanda huu ikianzia hapo, kwa mkebe, mkasi butu na picha ya Sabre, kabla ya mtu yeyote kuagiza seti kutoka ng'ambo.

Zimebaki alama. Stika za maji hukaa vizuri juu ya fedha kwa kuwa uso ni laini, lakini utando wake angavu huonekana kama kivuli cha kijivu pembezoni mwa herufi. Upunguze kwa wembe hadi karibu na rangi kabla ya kuloweka. Usipulizie vanishi juu ya ndege nzima ili kuzificha kingo. Vanishi huigeuza metali kuwa rangi tena, na kazi yote ya glosi inapotea. Paka vanishi kwa brashi juu ya stika peke yake, na juu ya sehemu zinazopaswa kufifia, kama bamba jeusi lisilomulika lililo mbele ya kioo cha rubani.

Uchafu uwe haba. Masizi kidogo nyuma ya midomo ya bunduki, mchirizi mmoja wa mafuta tumboni, vumbi jepesi kwenye magurudumu na milango yake. Vumbi la Nanighi, likichekechwa kwa kitambaa, lina ulaini na rangi inayofaa. Ndege ikikamilika, ifunike kwa chupa pana ya kioo. Vumbi likiifikia, lipeperushe kwa brashi laini ya vipodozi, wala usilifute kwa kitambaa, kwa kuwa mchanga wa huku hukwaruza fedha kwa mpito mmoja.